Reale za Kitambaa Chekundu

Mdomo wangu mrefu, sikatai. Siku kaka yangu alipomwoa Ashatu nilimwambia bibi harusi mbele ya watu kwamba ugali wake unafaa kukandikia nyumba. Naye akanijibu, "Na sauti yako, Tabia, inafaa kufukuzia nguruwe shambani." Tukapendana tangu siku ile. Basi haya ninayoyasema siyasemi kwa kumchukia wifi yangu. Namchukia mtu mwingine kabisa, na pamoja naye naichukia pembe moja ya nyati.

Hapa Mkange hakuna asiyeijua ile njaa. Mvua zilikatika, nzige wakamaliza kilichobaki, na watu wakaanza kuweka watoto wao rehani. Kaka yangu alikuwa ameshakufa. Ashatu akamchukua mwanawe wa pekee, Mwanabaraka, akampeleka Saadani kwa mfanyabiashara Muhidini, akarudi na mtama. Na mimi niliula mtama ule, ndiyo maana nipo hai. Masharti yalikuwa wazi: Ashatu akileta reale ishirini kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, mwaka wa tatu, mtoto wake atarudi. Idi ikipita, mtoto si rehani tena, ni mtumwa, na Muhidini anaweza kumuuza apendako.

Ashatu akaingia porini kuchimba sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti ya kale uliozikwa ardhini. Mnaijua kazi ile? Unachimba udongo mwekundu tangu alfajiri, unauchekecha kwa vidole, na jioni umepata vipande vya kujaza kiganja. Kisha unavibeba kichwani mpaka Bagamoyo, na mnunuzi anakwambia vidogo. Mikono yake ilikuwa myekundu hata siku ya Ijumaa. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mwaka wa pili ulipokwisha alikuwa na reale kumi na tano ndani ya kibuyu. Zilibaki tano tu.

Ndipo Sadallah akaja. Kanzu nyeupe, harufu ya udi, sauti ya chini kama ya mtu anayesoma dua. Alikwenda kwanza kwa jumbe wetu akampa kilemba cha hariri, jambo ambalo si baya, maana kila mgeni wa biashara humpa jumbe kilemba. Ubaya ni kile alichokiomba baada ya kilemba. Aliomba mbiu.

Kwetu mbiu si ya mtu, ni ya mji. Ikilia ile pembe ya nyati unaacha jiko linawaka unatoka, maana kuna simba, au vita, au mtu amepotea. Bibi zetu walitoka, na sisi tukatoka. Hatukuwahi kuisikia ikimsemea muuza bidhaa. Basi siku ile Dadi mpiga mbiu aliipuliza mpaka macho yakamtoka, akasimama katikati ya mji akatangaza:

"Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo! Zimekuja reale mpya kutoka Unguja! Zimepigwa chache, na kalibu yake imevunjwa, hazitapigwa tena mpaka kiama! Mwenye kuweka moja leo, Wanyamwezi wakishuka na pembe zao za ndovu watampa kumi za zamani! Aliyelala amelala!"

Sadallah akatoa moja ikametameta juani. Nyingine zote zilikuwa zimeshonewa moja moja ndani ya kitambaa chekundu, na juu ya uzi pana muhuri wa nta. Bei yake, reale tatu za zamani kwa moja mpya.

"Ila msifungue, mama zangu," akasema kwa upole. "Mkono wa mtu una jasho. Jasho likiigusa, bei imeanguka. Muhuri avunje mnunuzi mwenyewe."

Nilimvuta Ashatu pembeni. "Wifi, fedha ni fedha. Huyu bwana anakuuzia kitambaa."

"Mbiu imesema, Tabia," akanijibu. "Lini umeisikia mbiu ikisema uongo?"

Ashatu akakipasua kibuyu chake, akatoa zote, akarudi nyumbani na vifurushi vitano vyekundu. Akavitia katika mfuko, akautundika darini juu ya kitanda.

Juma lile lile alikwenda Saadani kumwona mtoto, nami nikamfuata. Mwanabaraka alikuwa anaanika samaki nyuma ya nyumba ya Muhidini. Amerefuka, mabega yamekuwa ya kazi.

"Idi hii utakula kwetu," mama yake akamwambia.

"Mkeka wangu bado upo?"

"Upo. Nani mwingine alale juu yake?"

Mtoto akacheka, akaendelea kugeuza samaki.

Misafara iliposhuka kutoka bara tulikwenda Bagamoyo. Mji ulijaa wapagazi na pembe, na Ashatu akaenda kwa kiongozi wa Wanyamwezi akakiinua kifurushi chake kwa mikono miwili. Yule mtu akakigeuza, akakinusa, akacheka na wenzake. Alitaka nguo, alitaka waya wa shaba, na kama ni reale, basi alitaka ile ya zamani yenye sura ya bibi. Hizi hakuzijua, wala hakutaka kuzijua. Tukaenda kwa mwingine na mwingine, na jibu likawa hilo hilo.

Mwisho nikamburuta kwa sonara, mzee wa Kihindi. Juu ya meza yake palikuwa na chungu ya reale kama zile, nyingine ameshazitia vipete ziwe mikufu ya wake za watu.

"Fedha nzuri, si bandia," akasema. "Lakini zipo nyingi, mama. Fungua nipime. Nitakupa moja ya zamani kwa moja mpya."

"Zipo nyingi?" Ashatu akauliza.

"Tele."

Akaurudisha mfuko kifuani akatoka nje. Nilimkimbilia nikampigia kelele pale pale njiani, watu wanatutazama. "Fungua, wifi! Chukua hizo tano, tuongeze sandarusi ya mwaka huu, tukamwombe Muhidini muda!"

Akanitazama kwa utulivu ambao sitausahau. "Nikifungua ni tano, Tabia. Nisipofungua ni hamsini. Mwanangu anataka ishirini."

Ningemnyang'anya, lakini ni mali yake na mtoto wake. Mfa maji haachi kutapatapa, nami niliona amekamata ugomvi na ulimwengu mzima na hataki kuuachia. Tukafunga safari ya Saadani hivyo hivyo, mihuri mizima, Idi ikiwa haijafika.

Muhidini alitukaribisha vizuri. Alikuwa amekonda. Ashatu akavipanga vifurushi vyake mkekani, akaanza kueleza habari ya kalibu iliyovunjwa. Muhidini hakucheka. Aliinuka akaingia ndani, akarudi amekumbatia sanduku, akalifungua mbele yetu. Lilikuwa limejaa kitambaa chekundu.

"Mbiu ililia na hapa," akasema. "Nilikopa Bagamoyo nikazinunua zote alizobaki nazo Sadallah. Aliyenikopesha amekuja kudai, na nyekundu hapokei."

"Mwanangu yuko wapi?" Ashatu akauliza.

Muhidini akatazama chini. "Amekwenda Pemba. Mdai amemchukua kwa deni langu, pamoja na wengine wote wa nyumbani mwangu."

"Idi haijafika!" nikapiga kelele. "Idi haijafika, wewe mwanamume! Mlipeana neno!"

"Najua, bibi. Dhambi ni yangu." Akamgeukia Ashatu. "Mama Mwanabaraka, nilivyokuwa nimebanwa, kama ungenijia na zile kumi na tano zako za zamani, wallahi ningezipokea kwa mikono miwili, na mtoto ungeondoka naye."

Alipokwisha kusema akatuletea kikapu kidogo. Ndani yake mlikuwa na samaki wakavu wamefunikwa kwa majani. Mwanabaraka alikuwa akiwaweka kidogo kidogo, alisema Muhidini, wa kula Idi kwao.

Nililia mpaka nikakaa chini. Ashatu hakulia. Alivirudisha vifurushi mfukoni, kimoja kimoja, asiguse nta, akakitia kikapu kichwani, tukarudi Mkange.

Sadallah hajulikani alipo. Jumbe wetu bado anavaa kile kilemba Ijumaa, na Dadi akituona hubadili njia. Samaki hatukuwala, waliliwa na wadudu. Mkeka umekunjwa ukutani. Mfuko uko darini pale pale, na Ashatu anasema bei ikipanda atavuka Pemba kumnunua mwanawe, hata kama amekuwa mtu mzima.

Mbiu ikilia siku hizi, watu hutoka kwa kujikongoja, wengine hawatoki kabisa. Wa kwanza kutoka ni yeye, na mfuko kifuani. Leo asubuhi ililia tena. Alikimbia mpaka mtandio ukamwanguka. Walikuwa ng'ombe wa jumbe, wamepotea bondeni.

Akarudi, akautundika mfuko wake, akaniambia, "Labda kesho, wifi."

Mdomo wangu huu mrefu nikaufungua. Nikamwambia, "Inshallah."