Mtungi wa Mama Kiasi

Kazini walimwita Mama Kiasi, na jina lilimkaa utadhani alizaliwa nalo. Alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya samaki, lile jengo ambako watu huja na watoto wao kutazama samaki nyuma ya vioo vinene, na kwa miaka mingi kituo chake kilikuwa jiko la nyuma: kukata ngisi, kupima dagaa, kuosha ndoo. Sabuni iliyowaishia wenzake kwa wiki moja, kwake ilivuka mwezi. Ukimmiminia chai, mkono ulikuwa juu ya kikombe kabla hujafika nusu. "Kiasi, kiasi tu," alisema. Tusimwonee kwa kumwita bahili. Bahili huwanyima wengine. Huyu alijinyima mwenyewe, tena huku anatabasamu.

Lakini kitu kimoja alikitaka bila kiasi. Alitaka kuingia kwenye tangi kubwa. Kila asubuhi mzamiaji wa pale aliteremka na kikapu cha chakula alichokikata Mama Kiasi kwa mikono yake, kasa mkubwa akaja kumlaki, samaki wakamzunguka, na mpishi wao akabaki upande wa pili wa kioo ananuka ngisi. Kwa hiyo mzamiaji alipotangaza kwamba anahama mji, Mama Kiasi alifuta mikono, akapiga moyo konde, akaenda kugonga mlango wa mkuu wa matangi.

"Una cheti cha kuzamia, mama?" mkuu aliuliza.

"Sina. Nitakipata."

Mkuu hakucheka, na kwa hilo Mama Kiasi alimheshimu maisha yake yote. "Nakupa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alisema. "Siku ya mtihani wako nitakuja kukuangalia mwenyewe. Ukishindwa nachukua mtu wa nje, na usininunie."

Mumewe, fundi wa friji, alicheka kwa niaba ya mkuu. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Wewe? Wewe unayeoga kwa makopo mawili?" Hata hivyo ndiye aliyempeleka siku ya kwanza ya masomo, akamngoja nje kama mzazi aliyeleta mtoto chekechea.

Darasani Mama Kiasi alitia fora. Mwalimu wao alikuwa binti mdogo, rika la mtoto wake wa kwanza, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Swali la kwanza la mtihani wa karatasi liliuliza kanuni kubwa kuliko zote za mzamiaji, na Mama Kiasi aliandika: usibane pumzi kamwe, vuta na utoe bila kukatisha. Akaeleza na sababu zake, kwamba hewa iliyofungiwa kifuani hupanuka mtu anapopanda na inaweza kumpasua mapafu. Jibu lilikuwa zuri hivi kwamba mwalimu aliwasomea wenzake. Kwenye bwawa la kuogelea, ambako ukitapatapa unasimama tu, napo alipita bila taabu.

Kasheshe ilianza machimboni. Palikuwa na shimo kubwa la zamani la kuchimbia mawe, limejaa maji ya kijani, na hapo ndipo mafunzo yalipomalizikia. Mwanafunzi alitakiwa sasa kushuka, kutulia katikati ya maji, asiguse chini wala asipande juu. Mama Kiasi hakutulia hata kidogo. Akishuka, anapanda. Akisukumwa chini, anapanda tena, miguu ikitangulia, kama boya lililokatika kamba.

Kando ya shimo palikuwa na banda la vifaa, na kwenye banda hawakosekani wazamiaji. Kama hujawahi kukaa nao, jua tu kwamba kila mmoja ana dini yake ya vifaa na anatafuta waumini. Wawili walimvamia mwanafunzi huyu mpya kwa upendo wote. Wa kwanza alikuwa mchomeleaji wa meli, mtu mnene anayevaa miguuni mapezi mazito ya mpira mweusi.

"Shida ni hayo mapezi yako ya plastiki, dada," alimwambia. "Ni mepesi, yanakuinua miguu. Hayo ni ya kupigia picha. Vaa haya."

"Wewe utamvunja mama wa watu vifundo vya miguu," alidakia wa pili, mfamasia mwembamba ambaye vifaa vyake vyote vilikuwa vipya na vyote vyeusi. "Shida ni hilo jaketi la kuelea. Limejaa hewa pande zote, linambeba kama mtoto. Mimi navaa bawa, mfuko wa hewa wa mgongoni tu. Ukivaa bawa hutaki tena kusikia habari za jaketi."

"Bawa! Wewe ni kuku?"

Waligombana hivyo mchana kutwa, na Mama Kiasi, ambaye hakuzoea kukataa kitu cha kuazimwa, alijaribu vyote. Alivaa mapezi ya mchomeleaji, akapanda. Alivaa bawa la mfamasia, akapanda kifudifudi. Alibadilishiwa miwani, suti ya mpira, hata soksi. Mwisho mwalimu mwenyewe akaona dawa ni uzito, akamwongezea vipande vya madini ya risasi kwenye mkanda wa kiunoni, na siku iliyofuata akamwongezea tena, mpaka Mama Kiasi akawa anatembea kuelekea majini kwa kuburuta miguu. Alishuka, ndiyo. Kisha akapanda. Na kila akitoka kichwa kilimgonga, akarudi nyumbani na kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso.

Kitu kimoja tu kilimfariji. Wenzake walitoka majini mitungi yao ya hewa imebaki kidogo kabisa, na yeye wake ulikuwa bado zaidi ya nusu. Alimwonyesha kila mtu geji yake ya hewa. "Ana mapafu ya dhahabu huyu," alisema mchomeleaji, na Mama Kiasi akainamisha uso kwa furaha.

Jumamosi ikafika. Mkuu wa matangi alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa ukingoni. Fundi wa friji naye alikuwepo, amebeba taulo mbili na wasiwasi wa watu kumi. Mama Kiasi alijua kabisa kinachongoja: akifaulu, tangi, akishindwa, ngisi mpaka kustaafu. Aliuma kipumulio, akazama na mwalimu wake.

Zoezi lilikuwa lile lile la kutulia. Alikunja miguu, akafumbata mikono kifuani, na mwili ukaanza kupanda kama kawaida yake. Mwalimu alimdaka mkanda, akamvuta mpaka miwani yao ikakaribia kugusana, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakutazama mapezi wala jaketi wala risasi. Alimtazama mdomoni. Hakuna povu. Alingoja. Bado hakuna. Halafu pembeni mwa kipumulio kikatoka kiputo kimoja kidogo, kimefuatwa na kingine, kisha kimya kirefu.

Mwalimu alimpandisha polepole sana, amemshika kwa mikono miwili, akimwonyesha kwa ishara atoe hewa, atoe, atoe. Walipofika ukingoni mwalimu alitoa kipumulio mdomoni.

"Mama, swali la kwanza la mtihani lilisemaje?"

"Usibane pumzi kamwe."

"Na kule chini unafanya nini?"

"Sibani, mwalimu," Mama Kiasi alijitetea, na alisema kwa moyo safi. "Naitumia kwa kiasi. Navuta, naikalisha kidogo ili isiishe, halafu natoa nusu. Mtungi wenyewe mdogo ule."

Mchomeleaji alipasuka kicheko. Mwalimu alimkata jicho.

"Mapafu yako yamejaa muda wote, ndiyo maana unaelea," mwalimu alisema. "Kichwa kinakuuma kwa sababu hewa chafu hutaki itoke. Na mimi nimekosa, nilikuwa naongeza risasi badala ya kuangalia mapovu." Akashusha pumzi. Sauti ile ya kuamsha mtaa ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Lakini niambie, mama yangu. Unamwekea nani hiyo hewa?"

Mama Kiasi alikuwa kifungua mimba wa nyumba yenye watoto wengi. Tangu ana kimo cha meza ndiye aliyekuwa anapakua, na anayepakua hujua kwamba sahani yake ni ya mwisho na hula kitakachobaki. Alifanya hivyo kwa wadogo zake, kisha kwa wanawe, na hakuwahi kulalamika kwa sababu hakuwahi kuona kuna la kulalamikia. Sasa alikaa ukingoni mwa shimo la mawe, maji yanamtiririka masikioni, na alijaribu kumfikiria mtu atakayekuja kupumua kilichobaki kwenye mtungi wake. Hakuna. Kila mtu alikuwa na wake. Aliona aibu kwanza, halafu huzuni, akalia kidogo mbele ya mkuu wa kazi, na hakujali.

Mumewe alichuchumaa pembeni yake na kumwekea taulo begani. Safari hii hakuwa na utani. "Baba watoto nipo, mke wangu, nitakusaidia yote," alisema. "Huo mtungi tu ndio siwezi. Utumie."

Mkuu wa matangi alikuwa bado kwenye kiti chake. "Sijaondoka," alisema, basi.

Mwalimu alimvua risasi kipande baada ya kipande. Mchomeleaji na mfamasia walisogea kutoa ushauri, wakarudishwa kwa kidole. Mama Kiasi alivaa mapezi ya plastiki na jaketi la kawaida, vile vile vya siku ya kwanza, akachukua mtungi uliojaa, na wakashuka.

Mara ya kwanza kutoa pumzi yote ilimuuma. Nasema kweli, ilimuuma kama kumwaga chakula kizuri chini. Mapovu yalipanda kundi zima, makubwa, na yeye akayasindikiza kwa macho akiona hasara. Kifua kilikuwa kitupu, na hofu ikamjia kwamba safari hii haitatosha. Akavuta. Ilikuwepo. Akavuta zaidi, mpaka mbavu zikafunguka, na bado ilikuwepo, baridi na nyingi. Akaitoa yote. Akavuta tena.

Baada ya muda alitambua kwamba hapandi. Wala hashuki. Alikuwa amekaa katikati ya maji, amefumbata mikono, akivuta anainuka kidogo, akitoa anarudi, na hakuna aliyemshika. Kichwa kilikuwa chepesi. Samaki wadogo wa machimboni, wasio na sifa yoyote, walikuja kuangalia kuna nini, na chini kabisa aliona ukuta wa mawe yaliyokatwa na watu wa zamani, alama za patasi bado zinaonekana. Alikuwa ameshuka humu siku zote hizo na hakuwa ameona hata jiwe. Furaha ilimjaa, akataka kucheka, akakumbuka kipumulio.

Mwalimu alimwacha hivyo muda mrefu kuliko mtihani ulivyotaka. Kisha akaja mbele yake, akamshika mkono, akautikisa kwa nguvu na kuinamisha kichwa kama anayempongeza bibi harusi. Amefaulu. Akamwonyesha juu: twende.

Mama Kiasi aliangalia geji. Mshale ulikuwa umeshuka kuliko alivyowahi kuuona, ila haujafika kwenye alama ya kurudi juu. Juu kulikuwa na mkuu wa matangi, anasubiri kumpa kazi. Atasubiri. Alimwonyesha mwalimu geji, akatikisa kichwa, akainua kidole kimoja kuomba dakika, akainua na cha pili, yeye ambaye hajawahi kusogeza sahani kwa mtu yeyote kuomba nyongeza. Mwalimu alicheka mpaka miwani yake ikaingia maji. Na mwalimu alipokuwa anayatoa, Mama Kiasi alijaza kifua pomoni, akaachia yote, akashuka kwenda kuyatazama yale mawe kwa karibu.