Majina ya Ukuta wa Kusini

Mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Siku ya sita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Geng Baoshan alikuwa jikoni akinywa uji wa mtama kwa figili za siki aliposikia kishindo upande wa kusini. Hakikuwa kikubwa; ungedhani gunia la unga limeshushwa vibaya. Alimaliza uji, akasuuza bakuli, akavaa viatu vya mpira na kwenda kuangalia.

Ukuta ulikuwa umeanguka kati ya mnara wa ishirini na wa ishirini na mmoja. Matofali ya nje yalikuwa yamebanduka kwa upana wa hatua kumi na tano, na udongo wa manjano ulioshindiliwa ndani yake miaka mia nne na sitini iliyopita ulibaki wazi, tabaka juu ya tabaka. Katika pengo hilo walisimama wanaume kumi na mmoja, migongo yao imeuegemea udongo, visigino vimezama katika tope. Walivaa suruali za katani zilizofungwa kwa kamba.

"Umekuja kufanya kazi au kutazama?" aliuliza wa kwanza kushoto, mtu mfupi mwenye mikono mipana.

"Kutazama kwanza," Baoshan alijibu. "Nyinyi ni akina nani?"

"Wenye matofali."

Baoshan aliokota tofali moja, akalifuta tope. Ubavuni lilikuwa na majina matatu yaliyopigwa muhuri kabla ya kuchomwa: la ofisa wa wilaya, la msimamizi wa tanuri na la mfinyanzi wa tofali. Ndivyo ilivyoamriwa wakati ule, ili tofali likiharibika ijulikane nani wa kuadhibiwa. Jina la chini kabisa lilikuwa Duan Er.

"Ndiye mimi," alisema yule mfupi. "Limeanguka, nimekuja. Nitakaa hapa mpaka mwingine aweke tofali lenye jina lake."

"Na hao wakubwa wawili waliotajwa juu yako?"

"Wana shughuli."

Wenzake wakacheka, lakini taratibu, kwa sababu mtu anayeshikilia ukuta hawezi kucheka kwa mwili mzima.

Kufikia saa nne karani wa ofisi ya uhifadhi alifika na fomu. Aliwaandika wote kumi na mmoja kuwa nguzo za muda, akazungushia mahali pale utepe mwekundu. Wanawake wa mtaa wa kusini walileta birika za maji ya moto. Wanaume wale walishukuru, wakashika vikombe kwa ajili ya joto tu, kisha wakavirudisha vimejaa.

Baoshan alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ndiye mtu wa mwisho mjini aliyejua kushindilia udongo kwa mkono. Alifundishwa na baba yake, Geng Fulai, aliyeuhudumia ukuta ule miaka thelathini na minane na alikuwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Utaratibu ulijulikana: udongo wenye chokaa utandazwe unene wa shubiri moja, ushindiliwe mpaka ubaki nusu, uachwe ukauke, ndipo tabaka la pili lifuate. Katika baridi kali kazi ilisimama. Udongo ulioshindiliwa ukiwa na barafu hugeuka uji barafu inapoyeyuka.

Mkandarasi alipatikana mwanzoni mwa majira ya baridi. Meneja wake aliitwa Pang, mtu mwenye adabu, na alikuwa na siku arobaini tu. Taa za sikukuu zilitakiwa kutundikwa ukutani, na picha za wazee kumi na mmoja waliolowa tope hazikufaa kwa watalii. Alimwita Baoshan kwenye kibanda chake, akammiminia chai.

"Fundi Geng, nakuhitaji kwa jambo moja. Matofali mapya lazima yawe na jina, la sivyo wale mabwana hawaondoki. Nataka lako."

"Ndani mnajaza nini?"

"Udongo."

"Nimeona malori, Meneja. Mnajaza kifusi cha sementi, udongo mnanyunyizia juu kama chumvi."

Pang alitabasamu. "Wewe una ulimi. Sikiliza. Najua mtaa wenu unahamishwa. Ukiweka jina, nyumba yako inaandikwa nyumba ya ufundi wa jadi. Hamuendi popote."

Hilo lilikuwa kweli. Ilani ilikuwa imebandikwa kwenye milango yote ya mtaa wa kusini: wakazi wahamie kwenye maghorofa nje ya ukuta kabla ya mwezi wa nne, isipokuwa wenye nyumba zilizoandikwa kuwa za ufundi wa jadi. Baoshan na mkewe walipangiwa ghorofa ya sita. Nyumba waliyokuwamo ilijengwa na babu wa babu yake.

"Weka jina la kampuni," Baoshan alisema.

"Kampuni haifinyangi matofali."

"Basi weka lako."

"Mimi nasimamia tu," alisema Meneja Pang, akamwongezea chai.

Jioni alimweleza mkewe, Caiyun, aliyekuwa akikata tambi.

"Baba Lian, mimi na magoti haya, ghorofa ya sita?" Caiyun aliuliza. "Kuku wangu nao watapanda lifti?"

"Ukuta ule hautafika masika mara mbili."

"Wewe mwenyewe utafika?"

"Ndiyo shida yenyewe. Nitakufa, halafu nitasimama pale na kifusi cha Pang mgongoni."

Caiyun alikata tambi zote kabla ya kujibu. "Haya. Basi nitawachinja kuku mwisho wa mwaka." Hakuliongelea tena jambo hilo, na Baoshan alijua ameshindwa kumfurahisha lakini hajashindwa kueleweka. Kesho yake asubuhi alimpelekea Pang jibu: hapana.

Kazi iliendelea bila yeye. Wale kumi na mmoja walishikilia mpaka tofali la mwisho lilipopangwa. Duan Er aliipapasa kazi mpya, akagonga mahali pawili kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Kifusi," alisema. "Pole yake mwenye jina."

Wakatoka kwa mstari kwenye lango la kusini, wakafuata barabara ya mashambani. Karani aliwafuta kwenye daftari.

Asubuhi iliyofuata Geng Fulai alikuwa amesimama ukutani, peke yake. Alivaa koti la pamba alilozikwa nalo. Baoshan alisoma tofali la kwanza, la pili, la kumi. Jina lilikuwa moja kwenye matofali yote elfu mbili na mia nne.

Alikwenda kwenye kibanda. Pang hakuficha kitu.

"Kanuni inataka fundi aliyesajiliwa. Wewe ulikataa, na haki yako naiheshimu. Baba yako yumo kwenye daftari, hakuna aliyewahi kumfuta. Na nyumba mmebaki nayo, barua iko tayari."

Kweli barua ilikuwapo. Baoshan aliikataa, akaandika malalamiko ya kurasa tatu, na vipimo, na tarehe za malori, akayapeleka kwenye ofisi ya uhifadhi. Karani aliyasoma yote kwa makini.

"Ukaguzi umepita," alisema. "Malalamiko kuhusu tofali yanapelekwa kwa mtu aliyeandikwa juu yake. Na barua ya nyumba haikataliwi, bwana. Ikishatolewa imetolewa."

Baoshan alirudi ukutani na malalamiko yake mkononi. Baba yake aliyasoma bila kuuondoa mgongo. Alikuwa msomaji wa polepole, na watalii wawili walipita na kupiga picha kabla hajafika ukurasa wa mwisho.

"Vipimo ni sahihi," alisema. "Ulikuwapo walipojaza?"

"Sikuwapo, baba. Nilikataa."

"Ulifanya vizuri. Ni kazi mbaya."

Baoshan akageuka, akauegemeza mgongo wake ukutani kando ya mzee, akasukuma. Hakuhisi uzito wowote. Ulikuwa ukuta tu, wenye baridi.

"Toka hapo," baba yake alisema. "Jina lako halipo. Unajichosha bure." Kisha akauliza, "Aliyesimamia ni nani?"

"Anaitwa Pang."

"Lake liko wapi?"

"Halijaandikwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo alichokitarajia. Alichimba kisigino cha kushoto ndani zaidi, halafu cha kulia.

"Barafu siku hizi inaanza kuyeyuka lini?"

"Wiki ya tatu ya mwezi wa pili."

"Mapema hivyo," alisema Geng Fulai, akafumba macho ili apumzike wakati ungali unaruhusu.

Baoshan alikaa naye mpaka lango lilipofungwa, kisha akaenda zake nyumbani, kwenye nyumba ambayo sasa hakuna mtu aliyeweza kumtoa.