Mwanga Kwenye Shavu la Kushoto

"Usililambe, mama. Ukililamba tu, tunaanza upya."

Mama Ndimu aliuzuia ulimi wake, jambo ambalo hakulizoea, maana ulimi huo ndio uliomlisha kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa muonjaji katika kiwanda cha juisi, na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu aliweza kufyonza ndimu nzima bila kukunja uso. Sasa alikuwa amelazwa kwenye kiti cha zahanati ya kiwanda, mdomo wazi. Mpimaji, binti mwenye miwani mikubwa, alimsogezea kalamu ya mwanga kwenye jino la mbele alilokwisha kulikausha. Mashine ikalia ti.

"Sitini na nane. Zuri."

"Imejuaje?" aliuliza Mama Ndimu mara tu alipoachiwa mdomo. Huyu alikuwa mtu wa kuuliza. Mumewe alishasema kwamba siku atakayozikwa atataka kwanza kujua kaburi lina kina gani.

Mpimaji alifurahi kuulizwa. "Jino lina gamba gumu la nje, enameli. Likiwa zima huwa nyororo kama kioo. Nalipiga mwanga, unarudi mwingi. Likiliwa na uchachu linapata vijishimo tusivyoviona kwa macho, mwanga unatawanyika, unarudi kidogo. Mashine inapima uliorudi, kwa asilimia."

"Kumbe nayo ni muonjaji."

Walicheka, ila kicheko cha Mama Ndimu kilikuwa kifupi. Sheria ya kiwanda ilisema jino lolote likishuka chini ya hamsini na tano, mwenye jino anaacha kuonja na kuhamia kubandika lebo kwenye chupa. Kubandika lebo si kazi mbaya. Lakini mtu anayeweza kukwambia kwamba nanasi hili lilivunwa siku mbili kabla ya wakati wake, atafanya nini na gundi? Aliogopa, na hofu hiyo alikuwa nayo tangu kipimo cha miezi mitatu iliyopita, namba zilipoanza kushuka.

Gego la kulia lilitoa sitini na saba. La kushoto, arobaini na tisa.

"Labda nimelikausha kupita kiasi," mpimaji alisema haraka. "Jino likikauka mno linaonekana limechakaa kuliko lilivyo. Hata mabingwa wetu wanalifanya kosa hilo." Akalilowesha, akasubiri, akapima tena. Hamsini na mbili.

"Nitaandika hii, mama. Siwezi kuandika nyingine."

"Andika, mwanangu. Mficha uchi hazai." Kisha akajiinua kitini. "Ila niambie, kwa nini kushoto? Limau halichagui upande."

Mpimaji akakunja uso, akaichukua tena kalamu ya mwanga. Basi wakapima jino baada ya jino, Mama Ndimu mwenyewe akishika kioo kidogo na kulitazama doa la mwanga likitembea kwenye magego yake. Ya kulia yote yalikuwa mazima. Ya kushoto, manne yalikuwa yameliwa, yote kwa ule upande unaogusana na shavu.

"Hebu nionyeshe unavyoonja," mpimaji alisema, akampa glasi ya maji.

Mama Ndimu akapiga funda moja, akalisukuma kwenye shavu la kushoto, akafumba macho, akahesabu kwa vidole hadi ishirini, akatema. Alipofumbua macho alikuwa ameshaelewa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na muonjaji aliyemtangulia: weka shavuni, ngoja ladha ya mwisho ije yenyewe. Mara arobaini kwa siku.

"Na baada ya hapo?"

"Napiga mswaki papo hapo. Mimi si mchafu."

Mpimaji akavua miwani. "Mama, uchachu unalainisha enameli. Ukisugua wakati huohuo, unaikwangua. Suuza kwa maji tu. Mswaki ungoje saa nzima."

Miaka kumi na tisa ya usafi. Mama Ndimu hakujua acheke au alie, mwishowe akacheka, na kicheko kilimuuma.

"Lililoliwa litarudi?"

"Halirudi. Ila tunaweza kulizuia lisiliwe zaidi."

Mpimaji aliandika hamsini na mbili, na chini yake akaongeza mstari: apewe miezi mitatu, kama anaweza kuonja bila kuweka shavuni. Hilo "kama" ndilo Mama Ndimu alilompelekea msimamizi wa waonjaji.

Msimamizi aliisoma karatasi mara mbili. "Unaweza?"

"Sijui. Hata mimi nataka kujua."

Akamwekea vikombe vitatu vya juisi ya limau, viwili vya limau lililokamuliwa jana na kimoja cha juzi, alama zikiwa zimeandikwa kwenye vitako. Kwa shavu lake angekipata cha juzi kabla hajamaliza kuhesabu. Sasa alidondosha tone katikati ya ulimi, akatema, akasuuza. Hakusikia kitu. Mazoea yana taabu: shavu la kushoto lilijivuta lenyewe, likidai haki yake. Kikombe cha pili. Cha tatu. Akasimama kinywa kitupu, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza nyayo katika chumba cha pili.

"Mama Ndimu," msimamizi alisema, akitazama saa.

"Ngoja kidogo."

Kitu kikaja, chembamba, kutoka nyuma kabisa ya ulimi, mahali ambapo hakuwahi kupasikiliza: uchungu mdogo wa ganda, ule unaozidi juisi ikilala, kama umeachwa na kikombe cha pili. Hakuwa na hakika kama anausikia au anautamani tu. Akanyoosha mkono, akakisogeza mbele kikombe cha kati, na msimamizi akakiinua kutazama kitako chake.