Sahani ya Hilkka

Mimi mtu akinidharau mara moja namsamehe. Akirudia, namfungia dirisha. Ndivyo nilivyomfanyia Hilkka, yule Mfini aliyepanga nyumba ya jirani hapa kwetu Kikinda, Serbia. Alikuja kuhesabu bundi. Ndiyo, bundi, wale wanaojaa kwenye miti ya uwanja wetu kila majira ya baridi, na eti kuna watu wanaomlipa mshahara kwa kazi hiyo.

Kosa lake lilikuwa la slava. Siku ya mtakatifu wa ukoo wetu ni tarehe kumi na sita Novemba, na mtaa mzima unajua. Siku hiyo hakuna anayealikwa. Mlango uko wazi, mshumaa unawaka, anayetupenda anakuja mwenyewe. Kumwalika mtu ni kumwambia kwamba usingemwita asingekuja. Mwaka wa kwanza nilimwekea Hilkka sahani yenye ua la bluu, upande wa dirishani. Hakuja. Mwaka wa pili nikaiweka tena. Kabeji za nyama, yale majani yanayoviringishiwa nyama ndani, zikapoa, na sahani ikarudi kabatini safi kama ilivyotoka.

"Mtu tumepakana naye ukuta!" nilimwambia mume wangu, Radivoj. "Hatua kumi na mbili tu!"

"Labda alikuwa na bundi wake," akasema Radivoj, mdomo umejaa.

"Bundi ni wa usiku. Mchana alikuwa wapi?"

Tangu hapo salamu zake nikawa naziitikia kwa nyusi tu.

Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, nilikwenda Graz, Austria, kwa binti yetu, Nevenka. Sikuwahi kulala nje ya nchi maishani mwangu. Nevenka na mumewe wanatoka asubuhi, wanarudi jioni, nami nabaki ghorofani na jiko la kioo linalopiga kelele ukiligusa. Kwetu, ikifika saa nne asubuhi nimeshakunywa kahawa na wanawake watatu na kumsengenya wa nne. Kule siku nne zilipita sijaongea na mtu mchana kutwa. Siku ya tano nilijikuta nalisimulia jokofu habari za Radivoj.

Alasiri ya siku hiyo ikapanda harufu ya keki kutoka ghorofa ya chini, na vicheko, na akodiani. Moyo ukanifunguka. Kumbe na wao wana siku yao! Nikavaa gauni langu la bluu na mkufu wa marehemu mama, nikapanga kwenye sahani vibiskuti vyangu vya jamu nilivyotoka navyo nyumbani, nikashuka ngazi. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikaingia, na wa kwanza niliyekutana naye nikambusu mashavuni mara tatu, kama kwetu.

Akodiani ikanyamaza. Watu ishirini wakanitazama kama nimekuja kusoma mita ya umeme. Yule bwana niliyembusu akasema jambo. Sikuelewa neno hata moja, lakini sauti ile naijua, hata mimi ninayo: ni ya kumtoa mtu kwa adabu. Nilisimama na sahani yangu, uso unaniwaka, nikatamani ningekuwa kwangu.

Ndipo ajuza mmoja akainuka na fimbo yake. Akachukua kibiskuti, akakitia mdomoni, akafumba macho. Kisha akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akaketi juu ya sanduku la akodiani. Nilikula vipande viwili vya keki. Machozi yalinilenga, nikaisingizia kahawa moto.

Jioni Nevenka akaja kunitafuta, mashavu yamemwiva.

"Mama! Huku mtu haendi mpaka aalikwe! Hii ni siku ya kuzaliwa ya watu!"

"Sasa wangenialikaje na hawanijui?"

"Ndiyo hivyo, mama. Usipoitwa, unakaa kwako unangoja."

Nikamwomba amuulize yule bibi kwa nini alinipa kiti chake. Bibi alijibu kwa maneno machache.

"Anasema aliuona mkufu," Nevenka akatafsiri. "Akajua umejiandaa."

Kwenye basi la kurudi sikupata usingizi. Unakaa kwako unangoja. Hilkka, je, nani alimwita? Niliwapitia mtaa mzima kichwani, mmoja mmoja, nikakosa hata mtu mmoja.

Nilifika siku mbili kabla ya slava. Uani kwa Hilkka kulikuwa na maboksi.

"Anahama mwisho wa mwezi," akasema Radivoj, aliyekuwa amenipokea stesheni.

"Kwani bundi wameisha?"

"Bundi wapo. Anasema hawamtoshi."

Nikamwachia begi pale pale njiani, nikaenda kubisha.

"Jirani," nikasema, "kesho kutwa ni slava yetu. Nakualika."

"Mimi? Unanialika mimi?"

"Wewe. Sahani yako ipo miaka miwili sasa. Kwetu hakuna kualikana, mtu anakuja tu, nami sikujua kwamba hujui. Nilidhani unatudharau."

Hilkka alibandua gundi ya boksi moja, akatoa vifurushi viwili vilivyofungwa utepe. Utepe wa kimoja ulikuwa umepauka kwa jua.

"Hiki cha mwaka juzi, hiki cha mwaka jana," akasema kwa Kiserbia chake cha polepole. "Nilivaa gauni. Nikakaa dirishani. Watu wengi waliingia kwenu. Nikasema, labda ataniita."

Nililia kwa sauti, mpaka Radivoj akaja mbio akidhani kuna msiba.

Siku ya slava Hilkka alikuja. Alikula kabeji saba, Radivoj alihesabu. Wakati wa kuagana nikamwambia, "Haya, umeshakuja mara moja. Mwakani hualikwi ng'o."

"Mwakani mimi sipo."

"Shauri lako. Sahani itakuwepo."

Maboksi yalikaa uani wiki nzima yakilowa mvua. Halafu siku moja nikaona mapazia yake yamerudi dirishani.

Mwaka huu, siku ya slava, saa nne asubuhi, nywele zangu zingali kwenye vibano, mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Umewahi mno!" nikamfokea Hilkka. "Hata mshumaa haujawashwa!"

Wala hakunisikiliza. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa sahani yenye ua la bluu, kisha akatoa na nyingine. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja mgeni, yule aliyehamia juzijuzi juu ya duka la dawa, amevaa vizuri, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Na huyu ni nani?" nikamnong'oneza.

"Jina bado sijalijua," akasema Hilkka. "Alikuwa dirishani."