Yule Analipwa

Msellem analipwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wa Wawi walilisahau, na mimi nilichoka kuwakumbusha. Kila mwisho wa mwezi anakwenda ofisini Chake Chake, anatia sahihi, anapokea mshahara wa kuzima moto, uwepo moto usiwepo. Mimi Mjaka, mpanda mikarafuu, siku ile sikupewa hata kikombe cha kahawa.

Ilikuwa msimu wa karafuu wa mwaka wa sitini, kiasi cha saa nne za asubuhi. Nilikuwa juu ya mkarafuu, pakacha limefika nusu, nilipoona moshi kwa Mzee Duni. Nilijua mara moja. Walikuwa wamerundika makonyo kwenye banda la jiko, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na makonyo makavu yakishika moto hayaombi ruhusa. Niliteremka kwa kamba mbio mbio mpaka ngozi ya viganja ikanitoka, nikakimbia na panga langu mkononi.

Sitasema uongo, sikumkimbilia Mzee Duni. Nyumba ile ilikuwa na Kazija, binti yake, na tangu mwezi wa Mfunguo Nne nilikuwa nimempeleka ami yangu Matano kuniposea. Jibu lilikuwa halijatoka. Ami aliambiwa watashauriana, na kushauriana kwenyewe kulikuwa kunaingia mwezi wa tatu.

Kwetu moto wa makuti hatushindani nao kwa ndoo, kisima kiko mbali. Tunaliwahi paa la pili na kulibomoa, moto ukose pa kurukia. Basi nilipanda juu ya nyumba, nikakata kamba za paa upande wa jiko, nikayang'oa makuti na kuyatupa chini, cheche zinanidondokea mgongoni. Chini watu wanapiga kelele, wengine wanaokoa majamvi ya karafuu, wengine wanatoa vitanda.

Gulam mwenye duka alikuwa ameshamtuma mtu kwa baiskeli, na baada ya muda motokaa ya faya ikaingia kutoka Chake, kengele inalia. Akateremka mtu mmoja mrefu, kofia ya chuma inang'aa, ndiye Msellem, akauliza, "Ndani mna mtu?"

Watu wakatazamana. Bi Kijakazi, mama yake Mzee Duni, alikuwa hawezi kutembea, na kila mmoja alidhani mwenziwe keshamtoa. Msellem akajifunga kitambaa cha maji puani, akaingia kwenye moshi, akatoka na bibi kizee mikononi, mzima, anakohoa na kumwombea dua. Wenzake wakamalizia moto kwa mpira wa maji. Mimi muda wote huo nilikuwa juu ya kichwa chake, nakata kamba, na hakuna aliyeinua macho.

Tangu hapo ikawa Msellem asubuhi, Msellem jioni. Watoto walivaa vifuu vichwani wakacheza faya. Kwenye maulidi ya mtaa alialikwa, akakalishwa mbele pamoja na mashehe, akafukizwa udi kabla ya wazee, na marashi akamiminiwa yeye kwanza. Mimi nilikaa karibu na viatu, viganja vimefungwa vitambaa. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda, na pilau ile ilikuwa ya nyama ya ng'ombe. Kilichonichoma zaidi ni pazia la wanawake. Kila jina lake lilipotajwa niliona likitikisika, nikasema moyoni, huyo ni Kazija anachungulia.

Siku ya pili nilikwenda barazani kwa Gulam kutoa hoja zangu.

"Shujaa gani wa mshahara?" nikasema. "Tarishi akileta barua tunamfukiza udi?"

Gulam alikuwa anapima sukari. "Wewe, Mjaka, kupanda mkarafuu unalipwa?"

"Nalipwa kwa pishi."

"Ukianguka, tuseme hukuumia kwa sababu ulilipwa?"

"Hayo mengine."

"Moto haujui nani ana mshahara, bwana. Unaunguza tu." Akafunga sukari yake kwenye gazeti, akanipa mgongo.

Nikaondoka nimekasirika zaidi. Nilianza kuwaza kwamba Mzee Duni anachelewesha jibu kwa sababu anamngoja Msellem alete posa yake. Kila nilipolala niliiona ile kofia ya chuma imetundikwa kwenye ukuta wa chumba cha Kazija. Siku ya tatu sikuweza tena. Mposaji hajiendei mwenyewe kudai jibu, hilo hata mtoto wa Wawi analijua. Ana mshenga wake, naye hungoja kuitwa. Sikumwambia ami Matano. Nilivaa kanzu, nikabadilisha vitambaa vya mikono, makusudi nikaacha kidonda kimoja wazi, nikenda.

Mzee Duni alinikaribisha ukumbini. Juu yetu paa lilikuwa bado liko wazi upande mmoja, jua linaingia mpaka kwenye mkeka. Mlango wa ndani ulikuwa na pazia.

"Ami yako hajambo?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kwa nini ami yangu hayupo.

"Hajambo, mzee. Mie nimekuja mwenyewe. Nataka jibu langu."

"Jibu hupewa mshenga, mwanangu."

"Najua. Lakini mzee, siku ya moto hapa walikuja watu wawili. Mmoja analipwa. Kaja kwa sababu kengele imelia, na asingekuja angefukuzwa kazi. Wa pili hakutumwa na ntu, na halipwi na ntu." Nikamwonyesha viganja. "Mkishauriana, lishaurieni na hilo. Nyumba hii ina haki yangu."

Mzee Duni akainamisha kichwa. Nilidhani nimempata. Halafu pazia likatikisika, na Kazija akazungumza nyuma yake, jambo ambalo mwari wa nyumba ile hakuwahi kulifanya.

"Baba, niwie radhi. Nataka nimjibu mie."

Mzee hakumzuia.

"Kaka Mjaka," akasema, "siku ile yule bwana wa faya, kabla hajapanda motokaa yake, baba alitaka kumpa kuku wawili. Akakataa. Akasema, mie serikali ishanlipa, wapeni yule kijana wa juu ya paa. Lau si yeye, ningekuja kumwagia maji majivu."

Nikavirudisha viganja vyangu mapajani.

"Hapo ndipo nlipomwambia baba nakubali. Ami yako alikuwa aitwe kesho baada ya sala ya Ijumaa."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba basi, kumbe mambo yamekwisha, nirudi nikamwite ami. Hakunipa nafasi.

"Sasa sikubali tena. Bibi yangu katolewa na ntu wa mshahara, na leo analala hadaiwi kitu. Weye hukulipwa, basi wataka nkulipe mie. Nkiolewa nawe, kila siku ntaonyeshwa viganja hivyo."

Mzee Duni alinyanyuka, akanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, na heshima ile iliniuma kuliko kufukuzwa. Nje vijana walikuwa wanashusha makuti mapya kwa ajili ya kuezeka. Waliniuliza kama napanda nao. Nikasema mikono haijapona.

Kazija aliolewa Vitongoji mwaka uliofuata, na mwalimu wa chuo cha Kurani. Msellem, nilikuja kusikia baadaye, alikuwa na mke na watoto wanne Chake, wala hakupata kujua kwamba Wawi kulikuwa na mtu anamchukia. Nikikutana naye njiani ananyanyua mkono, ananiita, "Bwana wa paa." Namrudishia salamu. Sijamwambia kwamba nilimwonea wivu mtu pekee aliyenisemea.