Siri Yako Niliigeuza Ombi

Vumbi la Riyadh huja bila kubisha. Asubuhi anga ni jeupe, adhuhuri ni la manjano, alasiri anga halipo tena. Lipo vumbi tu, kwenye kope, kwenye mkate, katikati ya meno. Siku uliyonijia, Celestine, vumbi lilikuwa limeufunga mtaa wa Manfuha, na sisi wanawake tisa tulikuwa tumejifungia katika chumba kimoja, tukiimba nyimbo za kanisani kwa kunong'ona ili majirani wasitusikie.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu. Nilikuwa na miezi minane Saudia. Madam wangu alikuwa miongoni mwa wachache waliomruhusu mfanyakazi kutoka; baada ya swala ya mchana alinipa saa nne, na dereva wa nyumba yetu, Hezekiah wa Kisii, alinishusha mbele ya duka la mikate akaniambia, "Saa kumi na moja kamili, Dada Jerusha. Ukichelewa, mimi ndiye nitafokewa."

Wenzangu walijua nilikuwa nani kabla sijawa mtu wa ufagio. Nilisomea ushauri nasaha, miaka miwili, Nakuru. Cheti nilikuwa nacho, kazi sikuwa nayo. Wakala wa kazi za Saudia alipokuja na fomu zake, nilikifunga cheti ndani ya leso nikakilaza begini chini ya viatu. Huku wanawake wakaniita Mwalimu. Wakaniletea mioyo yao kama watu wanaomletea fundi nguo zilizochanika. Nami nilifurahi. Nilifurahi mno. Baada ya juma zima la kuitwa "wewe", kuitwa Mwalimu kulikuwa maji baridi.

Ndivyo ulivyonijia. Ulinivuta hadi kwenye ngazi, penye matangi ya maji, ukakaa kidato kimoja chini yangu. Ulikuwa na miaka ishirini na minne, binti wa Kitale, mfanyakazi katika nyumba ya mwalimu mstaafu. Ulinishika kidole kimoja, kimoja tu.

"Mwalimu, hii ni yangu na yako."

"Ni yangu na yako," nikasema.

"Niapie."

"Nimekuapia."

Ukaniambia unampenda Velma, aliyefanya kazi ghorofa ya juu katika jengo lenu, wala si upendo wa dada na dada. Ukaniambia ulijijua tangu darasa la sita. Kwamba umeomba, umefunga, umejipiga makofi mbele ya kioo, na bado kila asubuhi unaamka ukiwa wewe. "Sitaki unibadilishe," ukasema. "Nimechoka tu kubeba peke yangu. Nataka mtu mmoja ajue, na asinikimbie."

Mtu mmoja. Hukuomba zaidi.

Nilijua la kufanya. Hiyo ndiyo aibu yangu. Laiti ningekuwa sijui! Chuoni tulikuwa na mwalimu, Bi Priscah, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyetuambia huku darasa zima likicheka: kumpenda mtu wa jinsia yako si ugonjwa, hakuna dawa kwa kuwa hakuhitaji dawa, na mshauri anayejaribu kumtibu mtu wa namna hiyo anamuumiza. Nililiandika. Nililipigia mstari. Lilikuja kwenye mtihani, nikalijibu vizuri. Nilijua, na bado.

Na bado nilikuuliza ni nani aliyekuharibu utotoni. Na bado nilikuambia ufunge siku saba, ufute picha za Velma, umtazame Hezekiah, kijana mzuri, hana mke. Niliyasema hayo kwa upole, kichwa nimekiinamisha upande kama nilivyofundishwa, na upole ule ndio unaonichoma leo kuliko maneno yenyewe. Ukakiachia kidole changu.

"Sawa, Mwalimu," ukasema. "Asante."

Uliniambia asante.

Lau ningeishia hapo. Ijumaa iliyofuata hukuja, nami nikaingiwa na hofu, na hofu yangu nikaivika kanzu ya ibada. Nilimpigia Reuben, mlinzi wa ghala upande mwingine wa mji, aliyekuwa akituhubiria kwa simu tuliyoiweka katikati ya mkeka. Jina lako sikulitaja. Nilidhani huko ndiko kutunza siri. Nilisema tu: dada mmoja wa Kitale, anayefanya kazi kwa mwalimu mstaafu, amenaswa na mapenzi ya mwanamke mwenzake. Tumwombee.

Ukarudi. Ulikuwa umenunua tende, pakiti kubwa, za watu wote. Ulikaa karibu na mlango, ukafumba macho kama sisi, na sauti ya Reuben ikapanda kutoka kwenye simu: "Baba, mfungue binti yetu wa Kitale! Yule wa nyumba ya mwalimu! Mfungue, Baba, na roho ya kupenda wanawake!"

Amina, wakaitika. Nami pia, Celestine. Mdomo wangu uliitika kabla sijaukamata.

Kisha aliyekaa kando yako akalivuta gauni lake lisikuguse. Wao hukuwatazama. Ulinitazama mimi. Ukaiweka pakiti ya tende chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, ukavaa abaya yako, ukatoka.

Yaliyofuata niliyapata vipande vipande. Neno lilitoka kwa wanawake likaenda kwa madereva. Dereva wa nyumba yenu akakushika kwalo, akaanza kukudai yale ambayo mwanaume humdai mwanamke akiwa na siri yake mkononi; ukikataa, atamwambia kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, na kafili akijua, ni polisi, ni jela. Velma akabadilisha namba. Nawe ukatoroka bila ikama, kile kibali cha kuishi, bila pasipoti, nyuma ya gari la mboga, karibu kilomita elfu moja hadi Jeddah.

Hezekiah ndiye aliyenipa habari, akiendesha, macho yake kwenye kioo. "Yule msichana wa Kitale amepotea. Wanasema kuna mtu alitoa maneno yake. Ni nani, Dada?"

"Sijui," nikasema.

Nilijua.

Miaka minne sikumshauri mtu. Waliponiita Mwalimu niliwaambia mimi ni mfagiaji. Baba wa nyumba alipohamishiwa kazi Jeddah, akatuhamisha sote, nami kila nilipopita mitaa ya Hindawiyah au Kandara kununua vitu vya nyumba, nilitazama nyuso zote nyeusi kwa namna ya mtu anayetafuta na kuogopa kupata. Siku moja nikakusanya moyo nikampigia Bi Priscah, nikamweleza yote.

"Usiniombe msamaha mimi," akasema. "Na usimtafute ili wewe upate nafuu. Mungu akikukutanisha naye, muulize anahitaji nini. Kisha ufunge mdomo, mama. Ufunge kabisa."

Na nikakupata siku ambayo sikuwa nikikutafuta. Mwenzangu aliniambia kuna Mkenya anayesuka vizuri Kandara, ghorofa ya tatu, juu ya duka la masanduku. Mlango ulifunguliwa na mtu aliyejifunga kitambaa hadi puani. Akanionyesha ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa, uso ukutani. Vidole vikaanza kunipasua nywele mistari, vyepesi, vya haraka. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imesimama, niliposikia nyuma yangu:

"Bado unainamisha kichwa upande, Mwalimu."

Kichwa changu kilikuwa mikononi mwako, nawe hukunivuta hata unywele mmoja zaidi ya ulivyohitaji kuvutwa.

"Nilikukosea," nikauambia ukuta. "Nilijua ni makosa, nikafanya. Sina utetezi."

Ukaendelea kusuka. Mstari mmoja. "Velma alirudi nyumbani. Nasikia ameolewa." Mstari wa pili. "Mimi nililala jikoni kwa watu nisiowajua, miezi mitatu." Machozi yalinijia nikayarudisha, maana ningelia, wewe ndiye ungebaki na kazi ya kunibembeleza.

"Unahitaji nini kutoka kwangu?" nikauliza.

Ulicheka, kicheko kifupi. "Kutoka kwako? Mafi. Hakuna."

Nikafunga mdomo.

Ulipofika kwenye msuko wa mwisho, mikono yako ikasimama. "Kuna mtu," ukasema. "Si mimi. Ni mtu wa mtaa huu, na namwogopea, atajidhuru. Nimetafuta wa kumsikiliza Jeddah nzima, na mtu wa pekee ninayemjua aliyesomea hiyo kazi ni wewe. Unaona balaa yangu? Sijakusamehe, uelewe. Nitakaa hapo mlangoni nisikie kila neno. Ukimwambia afunge na kuomba, nakusukuma ngazi."

Ijumaa ya pili yake, saa nane mchana, mtu huyo alipanda na mtungi wa gesi begani, ili majirani wasiulize. Ovaroli ya mjengo, mikono ya saruji, ndevu zilizonyolewa hadi ngozi ikatoka damu. Kambini walikolala wajenzi walimwita kwa jina la babu yake. Alikaa juu ya ile ndoo, akakutazama. Ukasema, "Ongea tu. Mimi niko hapa."

Nilianza na lililo gumu. "Kabla hujasema lolote, ujue kwamba niliwahi kutoa siri ya mtu, na mtu mwenyewe ni huyo mlangoni. Ukitaka kuondoka, ni haki yako."

"Ameniambia," akajibu. "Amesema pia hukujitetea."

"Basi nikuulize. Ungependa nikuite nani?"

Chini mtaani mtu alikuwa akinadi masanduku. Alitazama viganja vyake, kimoja, kingine, kisha akalitaja jina, jina la mwanamke, kwa sauti ndogo ya mtu anayejaribu kiatu dukani akihofia kufukuzwa. Nami nikalirudia kama alivyolitamka. Akajishika kifuani kwa mikono yote miwili, akainama, akalia kwa muda mrefu, nami sikusema neno, sikumwekea mkono, nilikaa tu pale alipoweza kuniona akiinua uso.

Tuliongea saa nzima. Sikumuuliza aliharibiwa na nani. Tulisema habari za usingizi wake, na wembe alioutazama asubuhi moja kupita kiasi, na ampigie nani akiutazama tena. Tulisema cha kufuta kwenye simu kabla ya kufika kizuizi cha polisi. Akaniambia tangu utoto wake alijijua ni msichana, na nikamwambia naamini. Alipojitwika mtungi wake, ukamfungulia mlango na kusema, "Ijumaa ijayo, saa nane." Ulisema ukitutazama sote wawili. Alikuja Ijumaa ile, na nyingine, mwaka na zaidi, hadi alipopata karatasi za kurudi nyumbani, yu hai.

Wewe hujanisamehe, wala sijakuuliza tena. Kurasa hizi ulizisoma kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukafuta mistari miwili, ukajichagulia hili jina, Celestine, ukasema sasa naweza kuzitoa.

Lakini jina lile nililoambiwa Kandara, jina zuri, jina la silabi tatu, nimelala nalo, nimeamka nalo, nimevuka nalo uwanja wa ndege nikirudi Kenya. Watu wanaonipenda wameniuliza. Mume wangu ameniuliza. Nimewaambia halas, basi, hilo si langu. Hata hapa silitaji.