Pacha Mzima

Barua ya mwaliko wa kongamano la madaktari ilipofika Kilosa, Verdiana aliisoma mara tatu akitafuta jina lake, na mara zote tatu akakuta la dada yake. "Mwalimu Domina, mzungumzaji mwalikwa," iliandikwa juu kwa herufi nene. Chini kabisa, pale wanapoandika habari za chakula na malazi, ndipo palipoandikwa: "pamoja na msindikizaji mmoja." Msindikizaji! Mtu aliyelala naye tumbo moja miezi tisa!

Tuseme ukweli tu, wivu wa Verdiana haukuanza na barua hiyo. Domina alimtangulia kuzaliwa kwa dakika kumi, akawa Kulwa, yeye akawa Doto, na hizo dakika kumi hakuwahi kumsamehe. Walifanana mpaka walimu walimchapa mmoja kwa makosa ya mwenzake. Mama yao, Magdalena, aliamini kwamba pacha wakitengwa, mmoja hupatwa na mabaya, basi kila kitu alinunua viwili viwili. Hata dawa aligawa. Domina akipandwa na homa, mwarobaini ulichemshwa wa vikombe viwili, na Verdiana, mzima wa afya, alikunywa uchungu ule huku moyoni anacheka, kwa sababu mwenye kunywa dawa alilala kitandani kwa mama. Akajifunza haraka. Domina akikohoa, naye anakohoa. Domina akishika tumbo, naye chini anajikunja. Wajomba wakambatiza jina la Muigaji, na jina hilo likamganda hadi ukubwani.

Halafu, miaka sita iliyopita, Domina akaugua ugonjwa usioigika. Jicho la kulia liliingia ukungu, miguu ikafa ganzi, akawa anachoka kabla hajamaliza kipindi cha kwanza darasani. Walimtibu malaria. Walimtibu taifodi. Waliombewa yeye na nyumba nzima, kisha mjomba mmoja akampeleka kwa mganga asiyejulikana uganga wake. Miaka miwili ikapotea hivyo, mpaka kipimo kikubwa cha Dar es Salaam kilipoonyesha kuwa ni ugonjwa uitwao MS. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inageuka na kuutafuna utando unaofunika mishipa ya fahamu. Dawa zipo, waliambiwa, na ukiwahi zinazuia mengi. Kilichokwishaharibika ndicho hakirudi. Domina alikuwa amechelewa, na tangu hapo anatembea kwa fimbo.

Na huruma ya watu, jamani, hiyo haikugawanywa viwili! Paroko alimtaja Domina kila Jumapili. Shangazi walikuja na kuku kutoka milimani, wakampita Verdiana mlangoni wakiuliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Nani aliyempikia huyo mgonjwa uji? Nani aliyemkanda miguu, akamfulia, akamfungia sidiria siku vidole vilipogoma? Ni Verdiana, huyohuyo mwenye cherehani yake sokoni na wateja wanaosubiri sare. Hakuna aliyewahi kumletea hata kifaranga. Alimpenda dada yake, hilo lisibishwe. Ila kuna siku alimpenda huku meno yameumana.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakumwambia mtu. Wiki ya Pasaka alikuwa akishona sketi ya shule, akaona tone jekundu kwenye kitambaa cheupe. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole cha mkono wake wa kushoto, na yeye hakusikia kitu. Tangu siku ile mkono huo ulikuwa wake kwa kuuona tu. Aliusugua kwa mafuta ya nazi, aliuchovya kwenye maji ya moto, wapi! Amwambie nani? Alijua kabisa watakavyosema. Muigaji huyo, ameanza tena, safari hii hata aibu hana. Akanyamaza, na wiki tano zikapita.

Asubuhi ya kongamano gari liliwafuata Kilosa, likawapitisha kwenye tope la mvua za Mei mpaka Mikumi, kwenye hoteli moja kando ya barabara kuu ambako malori ya Iringa yanapumzika. Daktari Wenceslaus, yule mzee aliyeutambua ugonjwa wa Domina, aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo daktari," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni sana. Domina, kiti chako kipo mbele kabisa."

Binti wa mapokezi akamvisha Domina kitambulisho chenye jina lake. Verdiana akavishwa chenye neno moja: MSINDIKIZAJI. Alikigeuza kikaangalia kifua, akaenda kukaa safu ya nyuma karibu na mabirika ya chai.

Domina alizungumza vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Alisimulia miaka yake miwili iliyopotea, akatania kuhusu mganga, ukumbi ukacheka, kisha ukafuta machozi. Watafiti walisimama kumpigia makofi, hata wageni waliotoka ng'ambo. Verdiana naye alipiga, kwa kuwa kila mtu alikuwa anapiga. Lakini moyoni alikuwa anasema, hiyo fimbo niliichonga mimi, mbona hajasema? Kidogo tu angesema!

Baada ya chai, Daktari Wenceslaus akashika kipaza sauti. Alisema wamekutana kutafuta namna ya kuuzuia ugonjwa huu kabla haujaanza, na kwamba bado hakuna mwenye jibu kamili. Akaeleza habari za kirusi kinachoenezwa kwa mate, ambacho karibu watu wote tunacho, na kwa nini huwageukia wachache. Akaeleza habari za sigara, na za jua na vitamini zake.

"Tutaanza na nani?" akauliza. "Na ndugu wa wagonjwa. Zaidi ya wote, pacha wa kufanana. Mmoja akiugua, mwenzake yumo hatarini kuliko mtu mwingine yeyote, na bado wengi wao hawaugui kamwe. Kwa nini? Tukijua kinachomlinda pacha mzima, tutakuwa tumefika mbali. Na leo tunaye humu ndani. Verdiana, mwanangu, simama. Njoo mbele."

Safu zote zikageuka. Verdiana alisikia masikio yakiwaka moto. Akapita katikati ya viti, na watu waliokuwa hawamwoni asubuhi sasa walimsogezea miguu apite. Mama mmoja mtafiti alimshika bega kama mtu anayeshika kitu cha thamani.

"Damu yake tu," daktari akasema, "ni kitabu ambacho hatujakisoma. Verdiana, uwaambie wenzangu. Hujawahi kuhisi chochote? Macho, miguu, mikono?"

Pale pale angeweza kusema. Lakini nyuso mia moja zilimtazama yeye, yeye Doto, kwa jina lake la ubatizo, na walichokuwa wanakitaka ni uzima wake. Akauficha mkono wa kushoto ndani ya kanga.

"Hapana, daktari. Mimi ni mzima kabisa."

Makofi! Yalizidi hata ya Domina, au yeye ndivyo alivyoyasikia. Akawekewa kiti mbele, mezani, ubavuni mwa dada yake. Domina alikuwa hapigi makofi. Alikuwa anamtazama tu, na Verdiana, ambaye wivu anaujua kuliko anavyoijua cherehani yake, aliuona wazi machoni mwa mwenzake. Loo, utamu gani ule! Miaka thelathini na sita alikuwa akiungoja.

Akaja msemaji mwingine, daktari kijana, akaonyesha picha za ubongo ukutani. Alizungumzia wagonjwa waliowahi wiki za mwanzo na waliochelewa. Waliowahi, wengi walikuwa wanatembea. Verdiana alitazama picha, akaacha kuutafuna ule utamu wake.

Domina akamwinamia. "Doto, Mungu anisamehe," akanong'ona. "Uliposimama nimekuonea wivu vibaya. Nimesema, kwa nini mimi na si yeye? Nimelisema kabisa moyoni, wewe unayenikanda kila jioni."

Verdiana alikuwa ameyatamani maneno hayo maisha yake yote. Sasa yamekuja.

"Usinionee wivu, Kulwa," akasema. "Mkono wa kushoto siusikii. Hii ni wiki ya tano."

Domina akamkazia macho. Uso ukabadilika, ukawa wa hasira. "Usianze. Umenifuata kwenye homa, umenifuata kwenye kikohozi. Hili usiniige, Doto. Hili hapana."

"Siigi."

"Umepewa makofi ukumbi mzima, bado hujatosheka?"

"Haki ya Mungu, Kulwa, siigi. Ningekuwa naiga ningesema pale niliposimama."

Domina aliuvuta ule mkono chini ya meza, akauweka mapajani mwake. "Fumba macho," akasema. "Nikikufinya, useme ni kidole gani. Tena usinidanganye, nakujua."

Verdiana akafumba. Mbele yao mtu aliuliza swali kuhusu chanjo, akajibiwa, mwingine akadakia. Nje lori lilipiga honi. Aliendelea kungoja.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Alipofumbua macho, kucha za Domina zilikuwa zimezama kwenye kidole chake gumba mpaka damu imetoka, na Domina mwenyewe alikuwa analia bila sauti, huku bado amekaza kufinya.

"Daktari Wenceslaus!" Domina akasimama, bila fimbo, akishikilia ukingo wa meza, na msemaji akakatiza maneno yake. "Daktari, njoo! Njoo umwone mwenzangu, njoo sasa hivi!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Verdiana. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, amejificha nyuma ya mgongo wa dada yake.